Nilichemsha Sinza, nikaja kuchemsha upya Marangu

Leo sina umbea wa mastaa wala mbinu za kumrudisha mpenzi aliyekukimbia. Leo nakupeleka safari, na safari yenyewe inaanzia kwenye daftari moja chakavu ambalo nimelificha chini ya nguo kwa miaka 20, kama mtu anayeficha hati ya kuitwa mahakamani. Ndani yake kuna ukurasa mmoja tu wenye maana. Juu nimeandika kwa kalamu nyekundu: MBEGE YA BIBI.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 2004. Nilikuwa binti wa chuo, nimepanga chumba kimoja Sinza, najiona mjanja wa mji. Kaka yangu akapata mchumba, binti wa Old Moshi, mzuri na mwenye adabu zake. Wazee wa pande zote mbili wakakubaliana mahari yazungumzwe Dar, maana wengi walikuwa huku huku na nauli ya kupeleka ukoo mzima Kilimanjaro si mchezo. Upande wa binti wakasema pesa tutaelewana, ila kuna kitu kimoja hatusamehi: mbege. Na si ya kununua kilabuni. Itoke mikononi mwa ukoo wa mwoaji. Bia za kreti mtakunywa wenyewe.

Kama hujui, kwa Wachaga mbege si kinywaji cha kulewea tu. Mahari bila mbege ni kama harusi bila bibi harusi. Wazee wanakaa, kata inazunguka, na neno likishasemwa mbele ya mbege limesemwa.

Shangazi akauliza, nani kati yenu anajua kupika? Kimya. Basi mimi, kiherehere, nikainua mkono. "Mimi naijua. Bibi atanielekeza."

Nikampigia Bibi kwa simu ya mjomba, maana yeye alikuwa hana. Vocha inakatika, mimi naandika mbio mbio. Mapishi yote yakawa mistari sita: Chemsha ndizi mbivu mpaka ziwe nyekundu. Acha siku tatu. Chuja. Pika uji wa unga wa ulezi na msesewe. Changanya. Kesho mnakunywa.

Nikasema aah, kumbe ndiyo hii tu! Nikaenda Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, nikachukua mikungu. Tandale nikanunua unga wa ulezi. Msesewe nikauliza watu wawili watatu, nikakata tamaa. Nikajiambia gome la mti tu hilo, nani atajua? Nikachemsha, nikachuja kwa kanga, nikachanganya, nikajaza kwenye madumu matatu ya lita 20 yaliyokuwa na mafuta ya kula. Halafu, kwa usafi wangu, nikafunga vifuniko kwa nguvu zote.

Saa nane usiku, bwana we! Dumu la kwanza likapasuka kama tairi la lori. Nikaruka kitandani. Kabla sijapata pa kukanyaga, la pili. Mama mwenye nyumba katoka na panga, wapangaji wanapiga kelele mwizi mwizi, na mimi nimesimama mlangoni nimelowa ndizi kuanzia utosini. Ukuta ule ulipakwa rangi mara mbili na bado harufu haikutoka. Mwisho wa mwezi nikaambiwa nitafute kwingine.

Dumu la tatu lilipona kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kibovu. Ndilo nililolipeleka kwenye mahari. Mzee mmoja wa upande wa binti akapiga funda, akanyamaza, akaiweka kata chini taratibu. Akasema, "Mwanangu, hii ni juisi iliyokasirika." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kaka akatozwa faini mbele za watu kwa ajili yangu. Alioa, ndiyo, na sasa ana watoto watatu. Lakini sura yake ya siku ile sijaisahau.

Mpaka hapo ni kichekesho. Kisichochekesha ni kilichofuata. Bibi alipiga simu kesho yake kuuliza mbege ilikwendaje. Sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikamjibu, "Bibi, waliimaliza yote. Wakaomba nyingine."

Nikamsikia anacheka kule, anageuka anawaambia watu kwa Kichaga, anarudia rudia. Tangu siku hiyo Marangu nzima ikajua kwamba mbege ya Bibi imenywewa Dar es Salaam na wakwe wameomba nyingine. Kila nikienda likizo jirani wananisalimia kwa sifa hiyo. Nikaanza kupunguza likizo. Kwanza mwaka mmoja, halafu miwili. Mara kazi, mara mtoto, mara nauli. Wewe unayesoma hapo unajua tunavyofanya.

Desemba 2024 shangazi akapiga. Macho ya Bibi yamefifia, anaona vivuli tu. Krismasi ukoo unakutana, na safari hii Bibi hawezi kusimama kwenye jiko. Wamemshauri mbege inunuliwe. Kakataa. Kasema, "Aje yule aliyeipeleka Dar. Yeye ndiye anayeijua."

Jamani. Nilikaa kitandani nimeshika simu kama nimeshika nyoka.

Nikalitafuta daftari. Alfajiri ya siku ya pili nikawa kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis. Wale mliozoea Ubungo, mabasi ya mikoani yalihamia huku mwaka 2021. Desemba basi la Moshi unalijua kabla hujasoma kibao: watu wana mabegi makubwa kama wanahama, na kila mmoja anajifanya hamjui jirani yake mpaka mmoja aachie neno la Kichaga. Hapo basi zima linakuwa ukoo mmoja.

Chalinze, Segera, Korogwe ambako machungwa yanakufuata dirishani, Mombo, kisha Same yenye jua la kukausha hata mawazo, halafu Mwanga. Mwendo wa siku nzima. Pale Himo nikashuka, nikapanda haisi kwenda juu. Hapo ndipo hewa inabadilika. Dakika chache unatoka kwenye vumbi, unaingia kwenye kijani: migomba, mikahawa chini yake, na mifongo ya maji inayopita kwenye vihamba ikinong'ona. Marangu Mtoni pamechangamka, maduka, bodaboda, na magari ya watalii yanayokwenda getini. Wageni wanapita hapa kwenda kulala Mandara, Horombo na Kibo, wakitafuta kilele. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso.

Kabla ya kuingia kihambani nikasimama kwenye ua wa masale. Yale majani membamba marefu unayoyaona kwenye mipaka ya vihamba, kwa Mchaga si mapambo. Ukimkosea mtu, unamwendea na sale mkononi. Na aliyeletewa sale hawezi kukataa kukusikiliza. Nikachuma moja. Nikalifunga fundo kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Halafu nikaona aibu, nikalitia kwenye begi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mama. Umekonda au macho yangu?" Akanipapasa uso kwa vidole vyote kumi. "Ndizi zimeshavundikwa. Kesho tunachemsha."

Sikusema kitu. Sale likalala ndani ya begi.

Sasa msomaji wangu, chukua kalamu, kwa sababu hapa ndipo nilipogundua kwamba daftari langu halikuwa na uongo hata mmoja, na bado lilikuwa limeniangusha.

Ndizi zilikuwa zimekaa wiki kwenye dari juu ya jiko, zimefunikwa, zimeiva mpaka zinanukia. Tukazimenya, mimi na binamu zangu wawili, zikajaa karai mbili kubwa. Sufuria kubwa juu ya mafiga, maji, kuni. Tulianza asubuhi na kufika alasiri bado tunakoroga, mpaka rangi ikatoka manjano ikaingia wekundu wa udongo. Bibi alikaa kwenye kigoda mgongo wake ukiwa ukutani. Haoni, lakini alikuwa anasikia. Uji ukipiga "tobo tobo" nzito anasema ongeza maji. Ukipiga jepesi anasema sogeza ukuni.

Ilipopoa tukaitia kwenye pipa la mbao. Mimi nikakimbilia sabuni nilisugue kwanza. Bibi akasikia mlio wa brashi, karibu anirushie fimbo.

"Unaua nini humo?"

Kumbe pipa la mbege huoshwa kwa maji tu. Ile chachu iliyobaki kwenye mbao ndiyo inayoanzisha kazi mpya. Wataalamu watakuambia ni vijidudu vya hamira vinavyokula sukari ya ndizi na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Bibi anasema pipa lina kumbukumbu. Mimi mwaka 2004 nilisugua madumu yale kwa sabuni ya unga mara tatu.

Halafu nikauliza kifuniko kiko wapi. Binamu akanitazama kama nimeuliza kofia ya ng'ombe. Pipa linafunikwa kwa majani ya mgomba, basi. Ile hewa lazima itoke. Ukiifungia itatafuta njia yenyewe, na mimi nilishaona njia yake kwenye ukuta wa Sinza.

Nikamwuliza Bibi, "Mbona hukuniambia nisifunge?"

"Nani anafunga mbege? Ningekuambia pia usiipige teke?"

Siku tatu ndizi zikalala. Katikati tukashughulikia ulezi, na hapo ndipo nilipopigwa butwaa. Ulezi ulikuwa umelowekwa siku moja kabla sijafika, ukachujwa, ukafunikwa kwenye gunia bichi. Nilipofunua ulikuwa umeota vimizizi vyeupe, kama ndevu za panya. Tukauanika juani, ukakauka, tukaupeleka mashineni. Huo ndio unaitwa kimea. Mbegu ikianza kuota hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na kimea ndicho kinachoipa mbege utamu, uzito na mwili wake.

Na mimi? Mimi nilinunua unga wa ulezi wa uji wa watoto Tandale. Mbichi. Haujaota. Kwenye daftari imeandikwa "unga wa ulezi" kwa sababu ndivyo Bibi alivyosema. Kwake yeye, ukitaja mbege, ulezi ni wa kuota, hakuna mwingine. Basi ile juisi ilikuwa na haki ya kukasirika.

Tatu ni msesewe. Binamu alitoka saa moja nzima kutafuta gome, kwa sababu mti uliokuwa kihambani kwetu ulikatwa tulipojenga nyumba ya pili. Wengine huuita mkwinini kwa uchungu wake, ingawa si ule mti unaotoa dawa ya malaria. Kipande cha kiganja tu kinatosha. Kinachemshwa na unga wa kimea, unapata uji mchungu ambao wenyewe wanauita mso. Uchungu ule ndio unaokata utamu wa ndizi. Bila huo unakunywa sharubati.

Siku ya nne jioni tukachuja ndizi, majimaji yakatoka ya kahawia yenye harufu kali kidogo. Mso ukaachwa upoe. Bibi akachovya kidole. "Bado. Unataka kuunguza chachu?" Tukasubiri mpaka ukawa vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Ndipo tukachanganya, tukafunika majani, tukaenda kulala.

Mimi sikulala. Nilikuwa nasikiliza. Miaka 20 baadaye bado nasubiri mlipuko. Karibu saa nane, saa ile ile, nikatoka na tochi kwenda jikoni. Nikamkuta Bibi ameshatangulia, kakaa kwenye kigoda gizani, sikio ubavuni mwa pipa. Kwa ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama mvua inayoanza juu ya majani ya mgomba.

"Inasema," akaniambia. "Njoo usikie."

Nikarudi chumbani nikachukua lile sale. Lilikuwa limeanza kunyauka. Nikapiga magoti, nikamwekea mkononi. Akalipapasa, akalifikia fundo, akatulia.

"Bibi, hawakuimaliza. Ilipasuka. Iliyobaki waliitema. Kaka akatozwa faini kwa ajili yangu. Nimekudanganya miaka yote hii."

Kimya. Pipa likaendelea kusema peke yake. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mkwe wetu anatoka Old Moshi," akasema. "Wewe unadhani habari ya aibu inahitaji nauli? Ilifika hapa kabla ya Jumapili."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unawaambia watu wote..."

"Niwaambie nini? Mjukuu wangu kaipasua?" Akalishika lile sale kwa mikono miwili. Kicheko kikaisha. "Mbege kuharibika si kitu. Mimi yangu ya kwanza hata nguruwe aliikataa. Ila ulipoacha kuja, hilo liliniuma. Nilikuwa nangoja uje uniambie mwenyewe, nikuonyeshe palipoharibika. Nimengoja mpaka macho yamekwisha."

Msomaji wangu, kuna maneno ukiambiwa huna jibu. Nilikaa pale chini mpaka majogoo. Nilichofanya ni kuhesabu. Kama ningesema ukweli mwaka ule ule, ningekuja Krismasi, angenionyesha kwa macho yake, ningekosea mbele yake mara tano, sita, na sasa ningekuwa mpishi. Badala yake nilipata somo la siku nne kutoka kwa mtu asiyeniona.

Kesho yake ukoo ukajaa. Pipa lilipofunuliwa, povu lilikuwa limepanda vizuri. Kata ya kwanza hapewi mtu mwingine ila mkubwa wa ukoo, babu mdogo, ambaye hajawahi kumsifia mtu tangu uhuru. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yake, ametoka Dar na familia nzima, ananikonyeza.

Babu akanywa. Akafuta sharubu. Akanywa tena.

"Ya nani hii?"

"Yangu, babu."

"Si ya bibi yako."

Moyo ukanidondoka.

"Uchungu umezidi kidogo," akasema, "na ndizi ulizitoa mapema. Lakini ni mbege." Akamgeukia kaka. "Mwambie mkeo awaambie wale wa Old Moshi."

Hapo kelele zilizopigwa naamini zilifika getini.

Mbege haina maisha marefu. Kesho ni kali zaidi, keshokutwa ni siki. Ndiyo maana huwezi kuipika ukaifungia kabatini unywe peke yako. Unapika, unaita watu, inakwisha. Na usiichanganye na gongo, ambayo kupika tu ni kosa kisheria. Ila kileo ni kileo: watoto hawamo, na ukishanywa funguo za gari mpe mwenzio.

Kabla sijaondoka nililitoa lile daftari, nikakaa na Bibi nimwandike upya. Mistari sita ikawa kurasa tisa. Usisugue pipa kwa sabuni. Usifunge. Ulezi uwe umeota. Msesewe kiganja kimoja. Mso uwe vuguvugu. Nikifika mahali napoona ni wazi mno, nauliza hapo hapo, hata kama atanicheka. Tulipofika mwisho akaniuliza, "Umeandika ile ya kusikiliza?"

"Naiandikaje, Bibi?"

Akafikiri kidogo. "Basi iache. Utakuja Pasaka."

Nauli nimeshaanza kuiweka pembeni. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna bibi yako mahali, Bukoba na rubisi yake, Iringa na ulanzi, Tanga na mnazi, au hata kama ni bibi wa mapishi ya samaki tu, na kuna kitu ulimdanganya ukaanza kumkwepa, funga begi uende. Habari zako ameshazipata. Anakungoja wewe tu.

Tukutane wiki ijayo.